Pwani ya Mgao: Sura ya Nchi na Tarihi ya Awali ya Mikindani na Mlango wa Ruvuma

Katika maandishi mengi ya tarihi ya Waswahili, habari za pwani huanzia Lamu na Pate, zikashuka Mombasa, Pemba, Unguja na Mafia, zikafika Kilwa Kisiwani, kisha zikaruka ghafula hata Sofala. Sehemu iliyo kati ya Kilwa na Sofala, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 1,000, hutajwa kwa maneno machache, kana kwamba vyombo vyote viliipita usiku. Ndani ya sehemu hiyo imo pwani ya Lindi, Sudi, Mikindani, Mtwara na Msimbati, hadi mlango wa mto Ruvuma na Rasi Delgado iliyo mbele yake. Watu wa zamani hawakuiacha nchi hiyo bila jina. Pwani ya kutoka Vanga hadi upande wa Kilwa waliiita Mrima. Na ile ya kutoka Kilwa kwenda kusini hata Ruvuma waliiita Mgao. Wachunguzi wa lahaja nao waliyaandika maneno ya watu wake kwa jina la Kimgao.

Sababu ya ukimya huo si ngumu kutambulika. Mgao haina magofu ya kulingana na Msikiti Mkuu wa Kilwa wala jumba la Husuni Kubwa. Haina sarafu zilizopigwa kwa jina la sultani wake, wala haina tarihi ya wafalme iliyoandikwa katika zama za kati. Habari za miji ya kusini, kama zile za Lindi zilizochapwa na Carl Velten mwaka 1907, ziliandikwa nyakati za utawala wa Wadachi, na nyingi hazirudi nyuma mbali sana. Basi imezoeleka kudhaniwa kwamba mahali pasipo na mawe yaliyojengwa hapakuwa na jambo la kuandikwa. Dhana hiyo haina budi kupimwa, kwa kuwa ikikubaliwa hivi hivi, nusu nzima ya pwani ya Waswahili itakuwa imefutwa kwa kosa la kutojenga kwa chokaa. Wako mashahidi wengine wanaoweza kuulizwa: nchi yenyewe, pepo za bahari, vigae vilivyomo ardhini, na lugha za wakaao humo.

I. Sura ya nchi

Mto Ruvuma huanza katika milima ya Matogoro karibu na Songea, ukapita mashariki kwa yapata kilomita 800 hadi kumwagika katika Bahari ya Hindi, penye digrii 10 na nusu hivi kusini ya Ikweta. Mkono wake mkubwa ni Lujenda, utokao upande wa Msumbiji. Mtu atazamaye ramani huweza kudhani kwamba mto mrefu kama huu ni njia kuu ya kuingilia bara, lakini sivyo ulivyo. Kitanda chake ni kipana na chenye mafungu mengi ya mchanga; wakati wa kiangazi maji hupungua hata yakagawanyika vijito; na mlango wake umezibwa na mchanga na misitu ya mikoko.

Jambo hili lilithibitishwa na David Livingstone kwa hasara. Mwaka 1861 aliingia Ruvuma kwa meli iliyoitwa Pioneer, akalazimika kurudi kwa kupungua kwa maji. Mwaka 1862 alijaribu tena kwa mashua, akafika mbali zaidi, lakini mafungu na mawe yakamzuia. Aliporejea mwaka 1866 kwa safari yake ya mwisho, alikuja na ngamia, nyati wa Kihindi, nyumbu na punda, pamoja na askari wa Kihindi na watu wa Nzwani. Alikusudia kuwateremsha wanyama mlangoni mwa Ruvuma, asipate mahali kwa sababu ya mikoko na kichaka. Ikambidi kwenda Mikindani, na kutoka hapo akashika njia ya nchi kavu kuufuata mto.

Katika kisa hicho imo siri ya jiografia ya pwani hii. Mto ulitoa bonde, lakini haukutoa bandari. Bandari zilikuwa kaskazini kidogo, katika ghuba zilizochimbika ndani ya miamba ya matumbawe: Sudi, Mikindani na Mtwara. Ghuba hizi zina milango myembamba, maji ya kina kirefu, na kinga ya pepo zote mbili. Maji hupwa na kujaa kwa tofauti ya zaidi ya mita 3 wakati wa bamvua, hata jahazi huweza kuingizwa kwa maji makubwa na kulazwa juu ya mchanga maji yakipwa, likatengenezwa bila gati. Kwa hiyo tarihi ya Ruvuma na tarihi ya Mikindani ni kitu kimoja: bonde la mto lilikuwa njia, na ghuba ya Mikindani ilikuwa mlango wa njia hiyo.

Nyuma ya pwani ardhi hupanda polepole kuelekea magharibi, ikawa uwanda wa juu wa Makonde, unaofika zaidi ya mita 700 upande wa Newala, kisha huanguka kwa magenge makali kuelekea bonde la Ruvuma. Ardhi ya uwanda huo ni ya mchanga unaonywa mvua mara inyeshapo, kwa hiyo juu yake hakuna mito. Wakazi walizoea kushuka mabondeni kuteka maji na kupanda nayo. Zamani uwanda ulifunikwa na vichaka vinene visivyopitika ila kwa njia zijulikanazo na wenyeji. Yaonekana ajabu kwamba watu walichagua kukaa mahali penye shida ya maji namna hiyo na kuyaacha mabonde yenye rutuba. Lakini sababu yake itadhihirika baadaye.

II. Pepo na mikondo

Biashara ya Bahari ya Hindi ilitegemea pepo mbili: kaskazi, ivumayo hasa kati ya Desemba na Machi, na kusi, ishikayo baada yake hadi karibu na Oktoba. Chombo kilichotoka Bara Hindi au Arabuni kwa kaskazi kiliweza kufika Lamu, Mombasa na Unguja, kikafanya biashara na kurudi kwa kusi katika mwaka ule ule. Kila kilipozidi kushuka kusini ndivyo muda ulivyozidi kuwa mfupi na upepo kuwa wa shaka. Kilwa ilikuwa karibu na mwisho wa mahali ambapo chombo cha mbali kingeweza kufika na kurudi bila kupoteza msimu. Aliyetaka kwenda Sofala alipaswa kubadili chombo, au kungoja.

Aidha, mkondo mkubwa wa bahari utokao mashariki hupiga pwani ya Afrika karibu na Rasi Delgado, ukagawanyika sehemu mbili: mmoja ukaelekea kaskazini kando ya pwani ya Tanzania na Kenya, na mwingine kusini katika mlango wa bahari wa Msumbiji. Nahodha atokaye Kilwa kwenda kusini alikuwa akipanda dhidi ya mkondo mpaka afike eneo hili, na akiisha kulipita, mkondo ulimgeukia kuwa msaidizi. Nahodha atokaye Sofala alipata kinyume chake. Na upande wa mashariki, kutoka Rasi Delgado hadi Ngazidja, ni yapata kilomita 300 tu. Mahali ambapo mikondo huachana, ambapo pepo za mbali huanza kudhoofika, na ambapo visiwa vya Ngazija vi karibu kuliko mahali pengine pa pwani hiyo, haielekei kuwa palikuwa patupu. Yaelekea zaidi kwamba palikuwa pa kungojea, pa kuteka maji na pa kununua chakula, kwa vyombo vya watu wa pwani wenyewe kuliko vya wageni.

III. Maandiko ya kale

Kitabu cha Kiyunani kiitwacho Periplus, cha karne ya 1 baada ya kuzaliwa Nabii Isa, chautaja mji wa Rhapta kuwa soko la mwisho la nchi ya Azania. Mbele ya hapo, bahari isiyojulikana. Katika karne ya 2 Ptolemy alisogeza mpaka huo kusini, akaandika habari za rasi iitwayo Prason. Wataalamu wengi wameiona rasi hiyo kuwa ndiyo Rasi Delgado. Ikiwa ndivyo, basi pwani ya Ruvuma ni miongoni mwa sehemu za kwanza za kusini ya Ikweta kuingia katika elimu ya jiografia ya dunia ya kale, ingawa iliingia kama ukingo wa ramani.

Waandishi wa Kiarabu wa karne zilizofuata walizungumzia nchi ya Zanji na dhahabu ya Sofala. Ibn Battuta alifika Kilwa mwaka 1331, akausifu mji na ucha Mungu wa sultani wake. Mgao haikuwa shabaha ya safari za watu hao. Walakini utajiri wa Kilwa ulitokana na dhahabu iliyopita mbele ya ghuba za Mikindani na Mtwara, na kila chombo kilichoichukua kilizipita fukwe hizo.

Wareno walipoitwaa Kilwa na Sofala mwaka 1505, biashara ile haikufa bali ilijitenga. Wafanya biashara Waislamu walihamia mahali pasipo na ngome: Angoche, na visiwa vya Kirimba vilivyo kusini ya Rasi Delgado, ambako nguo zilifumwa na kuuzwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1520 Wareno walikishambulia Kirimba kwa sababu hiyo. Wareno wenyewe waliiacha Kilwa mwaka 1512. Mwaka 1587 Kilwa ilivamiwa na Wazimba waliopanda kutoka upande wa Zambezi. Na njia ya nchi kavu kutoka Zambezi hata Kilwa haina budi kuuvuka Ruvuma.

Njia hiyo hiyo ilipitwa kwa amani mwaka 1616 na Mreno Gaspar Bocarro, aliyetoka Tete, akapita nchi za Wamaravi, akavuka Ruvuma na kutokea pwani ya Kilwa. Safari yake yafundisha jambo moja muhimu. Hakuifungua njia mpya. Alipelekwa kutoka kwa mkubwa mmoja hadi kwa mwingine kwa njia zilizokwisha kukanyagwa. Bara na pwani zilikuwa zikijuana.

IV. Ushahidi wa ardhini

Kwa muda mrefu elimu ya mambo ya kale ilifuata magofu, na kwa kuwa Mgao haikuwa na magofu ya kuvutia, wachimbaji waliipita kama walivyoipita waandishi. Hali hiyo ilibadilika katika mwongo wa kwanza wa karne ya 21, Matthew Pawlowicz alipofanya uchunguzi wa ardhi kandokando ya ghuba ya Mikindani. Badala ya kutafuta kuta, uchunguzi huo ulitafuta vigae vya vyungu, taka za chuma na alama za makao ya kawaida. Matokeo yake yameigeuza hoja nzima.

Kwanza, ilidhihirika kwamba watu wafuao chuma na kulima waliishi karibu na ghuba hiyo tangu karne za kwanza za milenia ya kwanza. Pili, katika sehemu ya mwisho ya milenia hiyo, vyungu vyao vilikuwa vya ukoo mmoja na vile vilivyopatikana pwani nzima, kutoka Kenya hadi Msumbiji. Maana yake ni kwamba Mikindani ilishiriki katika malezi ya ustaarabu wa pwani tangu mwanzo, wala haikuletewa baadaye. Tatu, na hili ndilo la ajabu, baada ya kufika karne ya 11 hivi, wakati Kilwa ilipokuwa ikipanda kuwa dola, watu wa Mikindani walianza kuachana na mtindo wa kaskazini. Vyungu vyao vilichukua sura za kienyeji, na vyombo vya ng'ambo vikawa haba kwao, katika zama zile zile ambazo Kilwa ilivipokea kwa wingi.

Jambo hilo laweza kufasiriwa kwa namna mbili. Wa kwanza atasema kwamba Mikindani ilizidiwa na jirani yake, ikanyimwa fungu lake. Wa pili atasema kwamba watu wake waligeuza nyuso zao kuelekea bara, wakajenga maisha yao juu ya ujamaa na biashara ya bonde la Ruvuma, wasiyahitaji sana mabakuli ya ng'ambo ili kuonyesha heshima. Fasiri hizi hazipingani kabisa, kwa kuwa mtu aliyenyimwa mlango mmoja hutafuta mwingine. Lakini hata ikichaguliwa ipi, dhana ya zamani imeanguka. Upungufu wa mawe na kaure haukuwa upungufu wa watu, wala wa ufundi, wala wa tarihi.

V. Watu na lugha

Lugha za nchi hii zasema jambo lile lile. Kimakonde, Kiyao na Kimwera huwekwa na wanaisimu katika kundi moja la Kibantu, na Kimakua kilicho jirani katika kundi lililo karibu nalo. Upande wa pwani, Kimwani cha visiwa vya Kirimba na pwani ya Rasi Delgado kimehesabiwa na Derek Nurse na Thomas Hinnebusch, katika kitabu chao cha mwaka 1993, kuwa ni miongoni mwa lugha za Kisabaki, pamoja na Kiswahili, Kingazija, Kimijikenda na Kipokomo. Basi mlango wa Ruvuma si mwisho wa jamaa ya Kiswahili. Ndugu zake wako kaskazini yake, kusini yake na mashariki yake ng'ambo ya bahari.

Majina ya mahali nayo yastahili kuchunguzwa. Mito ya kusini na ya kati ya Tanzania mara nyingi huanza kwa lu- au ru-: Ruvuma, Lukuledi, Lujenda, Rufiji, Ruaha. Hiki ni kiambishi cha kale cha Kibantu, ambacho katika Kiswahili cha leo kimepoteza konsonanti yake kikawa u-, kama katika ulimi na ukuta. Majina ya mito yamekihifadhi kama jiwe linavyohifadhi alama ya kombe la kale. Hali kadhalika jina la Mtwara. Yasemekana kuwa latokana na neno la Kimakonde, kutwala, maana yake kuchukua. Ikiwa habari hiyo ni ya kweli au ni ya masimulizi tu, mlinganisho wake ni wa hakika: kutwala na kutwaa ya Kiswahili ni neno moja, ila Kiswahili kimeangusha l, kama kilivyofanya katika njaa, ambayo lugha nyingine nyingi za Kibantu huiita njala. Mikindani nayo hufasiriwa kuwa ni mahali pa mikinda, yaani minazi michanga. Kwa hiyo miji miwili iliyo juu ya ghuba za jirani, moja husomwa kwa lugha ya uwanda wa juu na moja kwa lugha ya pwani. Na wenyeji hawaoni ajabu.

Kati ya pande hizo mbili walikuwapo, na wangalipo, watu waitwao Wamaraba, ambao ni Wamakonde wa pwani walioshika Uislamu na kusema Kiswahili bila kuukana ukoo wao. Wamakonde hawakuwa na mfalme mmoja. Waliishi kwa koo zifuatazo upande wa mama, kila kijiji chini ya mkulungwa wake. Mtindo huo uliwafanya waonekane dhaifu machoni pa wenye dola, lakini ulikuwa mgumu kushindwa, kwa kuwa hapakuwa na kichwa kimoja cha kukatwa.

Faida yake ilionekana biashara ya utumwa ilipokua. Mwaka 1776 Mfaransa Morice alifanya mapatano na sultani wa Kilwa ya kununua watumwa kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Mascarene. Na katika karne ya 19 mashamba ya mikarafuu ya Unguja na Pemba yaliongeza haja. Misafara ilishuka kutoka nchi za Ziwa Nyasa kwenda Kilwa Kivinje, Lindi, Mikindani na Ibo. Ndipo uwanda mkavu wa Makonde ulipopata maana yake. Watu waliokimbilia humo walichagua kiu kuliko minyororo: mwanamke ashukaye genge alfajiri kuteka maji alikuwa akilipa ushuru wa uhuru wake. Karl Weule, aliyekaa Newala mwaka 1906, alikuta bado desturi hiyo ya kuishi juu na kuteka maji chini.

VI. Mto kuwa mpaka

Kabla ya karne ya 19, hakuna habari kwamba Ruvuma uliwatenga watu. Mpaka ulikuja kwa karatasi. Mapatano ya Uingereza na Ureno ya mwaka 1817 yaliihesabu Rasi Delgado kuwa mwanzo wa milki ya Ureno. Sultani wa Unguja naye alishika hata Tungi, kusini ya rasi. Na mapatano ya Uingereza na Udachi ya mwaka 1886 yalimwachia ukanda wa maili 10 kutoka mto Minengani, ulio katika ghuba ya Tungi, hata Kipini. Mwezi Desemba mwaka ule ule Udachi na Ureno wakaufanya Ruvuma kuwa mpaka wao. Mwaka 1887 Wareno wakaitwaa Tungi kwa nguvu. Mwaka 1894 Wadachi wakavuka mlango wa mto na kushika Kionga. Wareno wakakirudisha mwaka 1916, na mkataba wa Versailles wa mwaka 1919 ukathibitisha. Katika mabadilishano yote hayo, Wamakonde, Wayao, Wamakua na Wamwani hawakuulizwa neno.

Hawakukaa kimya, hata hivyo. Mwaka 1888 miji ya kusini iliwafukuza Wadachi, na Hermann von Wissmann hakuitwaa tena Kilwa, Lindi na Mikindani ila kwa vita vya Mei 1890. Machemba, mkuu wa Wayao aliyekaa uwandani, aliitwa aende kumtii. Akakataa kwa barua ya mwaka 1890, na hakuhamia upande wa Wareno hadi mwaka 1899. Kwa wanafunzi wa lugha, barua hiyo ina uzito wa pekee, kwa sababu iliandikwa kwa Kiswahili. Mkuu wa Kiyao, katika nchi ya Wamakonde, akimjibu Mdachi, hakuhitaji kufundishwa na serikali lugha ya kuandikia. Aliikuta tayari, kwa kuwa njia ya Ruvuma ilikuwa imeipandisha bara pamoja na nguo na chumvi.

Boma la Wadachi lilijengwa Mikindani mwaka 1895, na baada ya mwaka 1947, kwa ajili ya mpango wa karanga wa Waingereza, bandari ya kina kirefu ilijengwa Mtwara. Ilisemwa wakati ule kwamba bandari imebuniwa mahali papya. Ukweli ni kwamba wahandisi walichagua kwa vipimo vyao ghuba zile zile ambazo manahodha walizichagua kwa macho, na ambazo watu wenye vyungu na chuma waliishi kandokando yake kabla ya mji wa Kilwa kujengwa.

Basi jina la Mgao halistahili kuachwa katika ukingo wa ramani. Pwani hii yafundisha kwamba ustaarabu wa Waswahili haukuwa safu ya miji ya mawe peke yake, bali pia vijiji vya udongo vilivyoelekea bara, vikapokea na kutoa lugha bila kuweka kumbukumbu ya wafalme. Mwaka 2010 Daraja la Umoja lilifunguliwa juu ya Ruvuma, kati ya Mtambaswala na Negomano, karibu na makutano ya Ruvuma na Lujenda. Ni zege na chuma kipya, lakini aliyepita njia ya upande huo kwa miguu, karne 4 zilizopita, hangeshangazwa na mahali lilipowekwa. Mwenye kuitafuta tarihi ya nchi hiyo na aanzie hapo, kwenye vivuko, kisha ashuke pwani.